Anayeonja Kwanza

Nilimwomba Valéry aseme uongo mmoja tu. Haukuwa uongo wa kumdhuru mtu, wala wa kuficha mke mwingine. Lilikuwa neno moja dogo, ambalo watoto wa darasa la kwanza hulitamka huku wakichezea vifungo vya shati. Nilimwomba aseme "naamini."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika mwaka ule wa vikwazo vya nchi jirani, petroli ilipouzwa kwa chupa na kipande cha sabuni kikawa zawadi ya harusi. Alasiri ya siku hiyo Valéry angekuja nyumbani kwetu, mtaa wa Jabe, kubisha mlango wa posa. Mimi Christa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria, niliyezoea kujibu maswali ya maprofesa bila kutetemeka, nilikuwa nimesimama mlangoni pa maabara yake nikitetemeka.

Naiita maabara, lakini kilikuwa chumba kimoja mwishoni mwa ghala katika Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako chama kilichowagawia maji watu waliokimbia vita kiliweka mabomba na dawa zake. Humo Valéry alipima maji. Alikuwa akiyapitisha kwenye karatasi nyembamba ya kuchujia, anailaza karatasi ndani ya kisahani, kisha anakifungia kisahani katika sanduku lenye joto hadi kesho yake. Kama maji yalikuwa na uchafu wa vyoo, vitone vya manjano vilichipuka juu ya karatasi. Kama hayakuwa nao, karatasi ilibaki kama ilivyo. Hapakuwa na njia ya kuharakisha.

"Haya ni ya wapi?" nilimuuliza, ili tu nisianze na lililonileta.

"Ya kisima kipya cha Buterere. Kile mzee wako anachotaka kibarikiwe kesho baada ya misa."

"Ni safi?"

"Sijui."

"Lakini yanang'aa, Valéry. Tazama."

"Yanang'aa kweli." Aliinua macho akanitazama, na mimi nikasahau maji. Alikuwa na namna ya kutazama kana kwamba kila mara alikuwa akiniona kwa mara ya kwanza na hakutaka kukosea. "Kesho asubuhi nitajua. Leo sijui."

Neno hilo ndilo lililotukutanisha, na sasa ndilo lililotaka kututenganisha. Miaka miwili nyuma, katika mjadala wa wanafunzi chuoni, kila aliyesimama alijua nani mwenye haki nchini na nani mwenye hatia, na kila mmoja alimtaja Mungu kama shahidi wake. Kisha akasimama kijana mrefu wa kemia, akasema kwa upole, "Mimi sijui kama Mungu yupo. Sisemi hayupo. Nasema sijui. Na kwa kuwa sijui, siwezi kumgusa mtu yeyote kwa jina lake." Walimzomea. Mimi sikulala usiku ule.

"Baba atakutaka usali," nilimwambia. "Ni desturi ya nyumba yetu. Mgeni huongoza sala, kisha baba huonja pombe, kisha anampa mgeni. Sali, Valéry. Sala fupi. Mwisho utasema naamini, basi."

Alilifunga lile sanduku polepole. "Nikilisema bila kulijua, Christa, utakuwa umeolewa na nani?"

"Na wewe!"

"Hapana. Na mtu aliyemdanganya baba yako siku ya kwanza."

Niliondoka bila kumuaga. Njiani nilisali kwa ajili yake, kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi.

* * *

Alikuja kwa wakati, na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Hakuwa na baba wala mjomba wa kumsemea. Wote walikuwa wamebaki kilimani kwao, katika mauaji ya mwaka wa tisini na tatu. Kwa hiyo aliyemsemea alikuwa Mzee Massoudi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, dereva wa lori la maji, ambaye aliingia na kofia yake ya tarizi akisalimia kila dini iliyopo.

"Asalamu alekumu, Bwana asifiwe, amahoro! Nimemaliza zote, hakuna atakayelalamika. Mi naitwa Massoudi. Mutoto huyu hana baba, basi Mungu amemupa mi, shofere. Mutatuvumilia."

Shangazi yangu Léocadie, ambaye hakuwahi kuuacha mzaha upite bila kuujibu, alimpima kwa macho. "Kumbe siku hizi Buyenzi inaposa mpaka Jabe?"

"Tanti, Buyenzi inaposa tangu zamani. Ni nyinyi munachelewa kufungua mulango."

Watu walicheka. Hata baba alitabasamu. Baba yangu, Mzee Népomuscène, alikuwa karani wa posta aliyestaafu na mkuu wa baraza la parokia. Mtu wa suti moja na neno moja. Mbele yake palikuwa na chungu cha pombe ya mtama ambayo mama aliiandaa wiki nzima, na mirija mirefu imelala juu ya kifuniko. Kwetu, mwenye nyumba huvuta mrija kwanza, watu wakimwona, kisha husema "nimeonja" na kumpa mgeni mrija. Maana yake kila mtu anaielewa: kama humu mna kifo, nimekitangulia. Katika miaka ile ya hofu, ambapo watu waliacha kunywa kwa majirani zao, desturi hiyo ilikuwa na uzito wa kiapo.

Baba aliuliza kuhusu kazi, akajibiwa. Akauliza kuhusu masomo, akajibiwa. Lile swali ambalo mji mzima ulikuwa ukiulizana kwa kunong'ona, la nani ni wa upande gani, hakuliuliza, nami nilimpenda sana kwa hilo. Kisha akasema, "Kijana, tuongoze kwa sala, nionje."

Valéry alisimama. Nilimkazia macho kwa nguvu zangu zote. Alinitazama mara moja tu, na ndani ya jicho lile niliona ananiomba radhi.

"Mzee," alisema, "nyumba hii naiheshimu kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuingia. Ndiyo maana siwezi kuidanganya. Sijui kama yupo anayenisikia nikisali. Ningependa awepo. Lakini sijui."

Shangazi Léocadie ndiye aliyepata sauti kwanza. "Hilo la 'sijui' ni dhehebu gani? Wanasali Jumamosi?"

"Hawasali, Tanti," Valéry alijibu. "Wenye kusoma huwaita agnostiki."

"Basi hata ubatizo wa watoto hatutakula!"

Baba hakucheka. "Valéry," alisema, na kwa mara ya kwanza alimwita kwa jina, jambo lililonitisha zaidi. "Sikuulizi kwa kukudharau. Nchi hii inaungua. Mtu mwenye Mungu ana kitu cha kumshika mkono anapotaka kuua. Wewe usiyejua, siku hiyo ikifika, nani atakushika mkono?"

"Waliokuja kwetu kilimani niliwajua, mzee. Tuliimba nao kwaya moja. Kiongozi wao alivaa rozari, na hakuwa na shaka hata kidogo." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila lawama. "Sisemi imani ndiyo iliyoua. Aliyenificha chini ya kitanda chake siku tatu alikuwa mtawa, na alisali usiku kucha. Hapo ndipo nilipobaki, kati ya wawili hao. Ninachojua ni kimoja: uhai wa mtu ukishaondoka haurudi. Kwa hiyo, nisipojua, sigusi. Hilo ndilo linalonishika mkono."

Mama alifuta macho kwa upindo wa kitenge. Nilidhani baba ameguswa. Lakini alinyoosha mkono kwenye chungu, akaikusanya mirija yote, akaiweka chini ukutani. Chungu kilibaki kimefunikwa.

"Siwezi kuonja," alisema. "Mtanisamehe."

Mzee Massoudi alivaa viatu vyake pasipo mzaha. Nilimkimbilia Valéry hadi langoni.

"Umenipoteza," nilimwambia huku nikilia. "Kwa neno moja!"

"Labda," alijibu. Aliinua mkono kunifuta chozi, akakumbuka kwamba tunatazamwa, akaurudisha. "Kama ningelisema, ungenipata nusu. Sikutaka kukupa nusu."

* * *

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda Buterere. Mvua za wiki ile zilikuwa zimeyaunganisha mashamba ya mpunga na vichochoro, na familia zilizokimbia vita ziliishi juu ya vipande vya ardhi kavu. Baba alitangulia na suti yake, ndoo mpya mkononi. Mimi nilifuata na kwaya. Tulipofika kisimani tulikuta watu wengi, lakini hawakuwa wametungoja sisi.

Katikati yao, chini, karibu na pampu, alikaa mtu mmoja, mikono nyuma, uso umevimba upande. Nilimtambua: Salvator, mlinzi wa kisima, mtu mpole wa makamo aliyelala pale kila siku kulinda saruji isiibwe. Hakuwa wa upande wa wale waliomzunguka. Kila mtu alilijua hilo, na hapo ndipo tatizo lote lilipokuwa.

"Ametia sumu!" alipiga kelele kijana mmoja mwenye fimbo, aliyeitwa Gaspard. "Watoto wawili wanatapika tangu alfajiri! Nani mwingine alilala hapa?"

"Tunajua ni yeye!"

"Tunajua!"

Neno hilo lilipita kichwani kwangu kama upepo wa moto. Nilisoma sheria miaka mitatu. Nilijua kwa Kifaransa fasaha kwamba mtu hahukumiwi bila ushahidi. Nilifungua kinywa na hakikutoka kitu. Askari walikuwa mbali, kwenye barabara ya uwanja wa ndege.

Gaspard alimwona baba. "Mzee Népo! Wewe ni mutu wa Mungu. Sema! Huyu ameua ao hakuua?"

Kabla baba hajajibu, lori la Massoudi lilisimama kwa kishindo, na Valéry akashuka akiwa na kisahani chake mkononi. Aliangalia mara moja tu, akaelewa. Watu walimpisha, kwa sababu walimjua: ndiye aliyewaletea maji mabaya yasiyo na ladha ila ya dawa, na hakuna mtoto aliyeyanywa akaugua. Alikwenda moja kwa moja akasimama kando ya Salvator.

"Nani alimwona akitia sumu?" aliuliza.

Waliokuwa mbele walimtazama Gaspard, Gaspard akatazama pampu.

"Basi hatujui."

"Wewe je, unajua hakutia?" Gaspard alimsogelea.

"Sijui."

Minong'ono ilipanda. Valéry aliinua kisahani. "Maji haya niliyachota jana alfajiri. Tazameni: hakuna kitone hata kimoja. Hayana uchafu wa vyoo." Nilianza kupumua. Wanawake waliokuwa mbele walianza kutikisa vichwa kukubali. Ingetosha. Alikuwa ameshashinda, na angenyamaza hapo tungekwenda nyumbani. Lakini yeye aliendelea, kwa uso uleule wa jana mbele ya baba yangu: "Ila sitawadanganya. Chombo changu hakipimi sumu. Na haya ni maji ya jana. Kuhusu leo sijui, kama nyinyi."

"Kumbe!" Gaspard aliinua fimbo.

"Ngoja!" Valéry alikishika kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo kwenye pampu. Alipampu mara tatu, kikafurika. "Mnavyosema nyinyi, watoto walianza kutapika muda gani baada ya kunywa?"

"Saa moja," mtu alijibu.

"Nipeni saa moja. Nakunywa sasa. Nikianguka, mtakuwa mmejua, na mimi sitakuwepo kubishana nanyi. Nisipoanguka, mtamfungua."

Alikunywa. Hakunywa kama mtu anayejionyesha. Alikunywa taratibu, hadi chini, koo lake likipanda na kushuka mbele ya watu mia mbili. Kisha alikaa kwenye tope ubavuni mwa Salvator, bega kwa bega.

Nimeingia makanisani tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nimesikia kengele, nimeona ubani ukipanda mwangani. Sikuwahi kuhisi kile nilichokihisi pale, kwenye uwanja wa tope unaonuka mpunga uliooza: magoti yangu yalitaka kupiga chini yenyewe. Mtu asiye na ahadi yoyote ya mbinguni alikuwa ameuweka uhai wake wote, ule mmoja tu alioujua, mbele ya uhai wa mlinzi asiye ndugu yake. Na hakujua. Mungu wangu, hakujua, na alikunywa.

Sikumbuki nilivyopita katikati ya watu. Nakumbuka ubaridi wa kikombe.

"Christa, hapana," Valéry alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa. "Tafadhali. Mimi ninatosha."

"Jana hukutaka kunipa nusu," nilimjibu. "Nami sitaki kukupa nusu."

Nilifanya ishara ya msalaba, kwa kuwa mimi ni mwenye kuamini na sikuwa na sababu ya kuficha, kisha nikanywa. Yalikuwa baridi na matamu. Nilikaa upande wake wa pili. Mkono wake uliutafuta wangu ndani ya tope, mbele ya kwaya nzima ya parokia, na hakuna aliyekohoa.

"Mzee Népo!" Gaspard alipayuka, sauti yake sasa ikiwa na ufa. "Binti yako huyu! Sema basi! Mulinzi huyu ni muuaji ao si muuaji?"

Baba alikuwa amesimama na ndoo yake mpya. Sijawahi kumwona mzee kiasi kile. Alinitazama, akamtazama Valéry, akamtazama Salvator kwa muda mrefu, na nilijua anachokitafuta: alikuwa anatafuta neno la mtu wa Mungu.

"Sijui," alisema baba yangu.

Alilitamka wazi, kama mtu anayesoma injili. Kisha akaikunja suruali ya suti yake magotini, akaja kukaa mbele ya Salvator, kati yake na fimbo.

Tulikaa. Jua lilipanda. Mzee Massoudi, ambaye hakuweza kustahimili kimya, alisema kwa sauti, "Kama munakufa wote, nani atanisaidia kuvuta lori kwenye tope hili?" na mtu mmoja akacheka kwa bahati mbaya, na baadhi ya fimbo zikashuka. Nilihesabu mapigo ya moyo wa Valéry kwenye kifundo cha mkono wake. Yalikuwa ya haraka sana. Shujaa wangu alikuwa amejaa hofu, na hilo lilinifanya nimstaajabie zaidi.

Saa ilipokaribia kutimia, mwanamke mmoja alijitokeza. Aliitwa Geneviève, mkimbizi kutoka Uvira, aliyeuza dagaa. Alikuwa akilia. "Mutoto yangu ni mumoja wa wale wenye kutapika," alisema. "Jana magaribi alikunywa maji ya mufereji wa mupunga, yeye na mwenzake. Niliwaona. Niliogopa kusema, watu walikuwa wanasema wanajua." Alijifunika uso. "Hapa kisimani hawakufika."

Gaspard aliitazama fimbo yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka mkononi mwake. Aliitupa, akainama, akaanza kuifungua kamba mikononi mwa Salvator. Fundo lilikuwa limekazwa hata akashindwa, na baba akamsaidia.

Salvator alipofunguliwa hakumlaani mtu. Alisema tu, "Naomba maji."

"Utapewa," Valéry alisema, akataka kuinuka, lakini baba alimzuia kwa kiganja. Alikwenda mwenyewe kwenye pampu. Alijaza kikombe, akakiinua kwa mikono miwili. Kwanza alimnywesha Salvator, aliyekuwa hawezi kushika kitu. Kisha akakijaza tena, akageuka kuelekea kwetu, tope hadi kiunoni kwenye suti yake ya pekee.

"Valéry," alisema, "tutabishana mimi na wewe hadi nife. Sala nitakuwa nasali mimi, na wewe utanyamaza kwa adabu. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Na watoto?"

"Watoto tutawaambia ukweli wote, mzee. Ukweli wako na ukweli wangu."

Shangazi Léocadie, nyuma ya kwaya, alisikika akinong'ona, "Angalau ubatizo tutaula."

Kisha baba akakipeleka kikombe mdomoni, watu wote wakimwona, akavuta funda moja, akameza. Alikinyoosha kwa mikono miwili kwa mtu niliyempenda, kama anavyonyoosha mwenye nyumba mlangoni pake.

"Nimeonja," alisema.